Homa ya siku ya nne wodini: uchambuzi wa kisa kimoja cha Tanga

Mama mmoja wa miaka 54, mkazi wa wilaya ya Pangani, alilazwa katika hospitali moja mjini Tanga kwa sababu ya kutapika kulikofuata tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, aliyopewa kwa saratani ya titi. Kutapika kulikoma ndani ya siku mbili. Siku ya nne, akiwa bado wodini, alipandwa na homa, na kufikia asubuhi ya siku ya tano shinikizo lake la damu lilikuwa limeshuka kiasi cha kuhofiwa maisha yake. Alipona. Jina lake na la hospitali hayatajwi hapa, na maelezo ambayo yangemtambulisha yamebadilishwa. Kilichobaki ni mtiririko wa mambo, nao unatosha kuonyesha jinsi maambukizi ya hospitalini yanavyompata mgonjwa wa saratani na jinsi yanavyoweza kukosewa njia wakati wa kutafutwa. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni moja: homa ile ilitafutwa nje, kwa mbu wa Pangani, ilhali kila dalili ilikuwa inaelekeza ndani ya wodi.

Mwenendo wa mgonjwa

Mama huyu alikuwa amepata dozi ya pili ya doksorubisini na siklofosfamaidi jijini Dar es Salaam, mpango ambao kwa kawaida hurudiwa kila baada ya siku 21. Alirudi kwa basi kupitia Chalinze na Segera akiwa na nguvu zake, lakini siku ya sita baada ya dozi alikuwa hawezi kubakiza hata uji tumboni, na binti yake akamleta Tanga mjini. Alikutwa amekaukiwa maji, hana homa, na moyo ukienda mbio kidogo. Aliwekewa kanula, mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, kwenye mkono wa kushoto, mbali na upande wa titi lenye ugonjwa, akaanzishiwa dripu na dawa za kuzuia kutapika. Huo ulikuwa uamuzi sahihi kabisa, na siku mbili zilizofuata hazina cha kujadiliwa.

Siku ya tatu mama alikuwa anakula wali na mchuzi wa samaki aliopikiwa nyumbani kwa ndugu zake walioko mjini, na dripu ilikuwa imesimamishwa. Kanula iliachwa mahali pake. Hakukuwa na dawa yoyote iliyokuwa ikipita humo; iliachwa kwa kuwa mishipa yake ilikuwa migumu kupatikana na kila mmoja aliona ni heri ibaki kuliko kumchoma tena iwapo angetapika. Plasta iliyoishikilia haikuandikwa tarehe, ukingo wake mmoja ulikuwa umeinuka, na chini yake kulikuwa na damu kidogo iliyokauka. Jioni ya siku hiyo alimwambia binti yake kwamba mkono unamvuta. Alipotazamwa, hapakuonekana uvimbe mkubwa wala usaha, kwa hiyo akaambiwa ni uchovu wa mshipa.

Siku ya nne, ambayo ilikuwa ya tisa tangu apate dozi, muuguzi wa zamu ya usiku alipita akisukuma maji ya chumvi kwenye kanula za wagonjwa wote ili zisizibe. Haikupita nusu saa mama akaanza kutetemeka. Binti alimfunika kwa shuka na khanga mbili, lakini meno yaliendelea kugongana.

"Dada, samahani, mama anatetemeka sana. Hebu njoo umwone."

"Nakuja, mwanangu. Tumpime malaria kwanza."

Joto lilikuwa nyuzi 38.6. Kipimo cha haraka cha malaria kilitoa mistari miwili. Alipewa dawa mseto na parasetamoli, na saa mbili baadaye joto likashuka. Wote waliridhika. Saa kumi na mbili asubuhi alikutwa amelala bila kujibu vizuri anapoitwa, joto nyuzi 39.4, mapigo ya moyo 128 kwa dakika, na shinikizo la damu 84 kwa 50. Ndipo picha kamili ya damu ilipoombwa, na majibu yakaonyesha neutrofili 200 tu katika kila mikrolita ya damu.

Namba hiyo maana yake nini

Neutrofili ni zile chembe nyeupe zinazofika kwanza mahali bakteria wanapoingia. Dawa za tibakemikali huua seli zinazogawanyika haraka, na uboho wa mifupa, unaotengeneza chembe hizi, uko katika kundi hilo. Kwa hiyo kila baada ya dozi kuna kipindi ambacho akiba hupungua, kwa dawa nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda tena. Chini ya neutrofili 500 mgonjwa yuko katika hatari kubwa, na chini ya 100 hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake nchini Marekani waliochunguza wagonjwa wa saratani ya damu walionyesha kwamba maambukizi huongezeka kadiri chembe hizo zinavyopungua, na kwamba muda ambao upungufu unadumu una uzito wake pia.

Kuna jambo la pili ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha kwa wauguzi na ndugu wa mgonjwa. Usaha, uwekundu na uvimbe tunavyovitegemea kutambua kidonda kilichoingiliwa na bakteria ni kazi ya neutrofili zenyewe. Pale ambapo hazipo, kidonda kinaweza kubaki safi machoni huku bakteria wakiongezeka. Picha ya eksirei ya kifua inaweza kuwa nyeupe kidogo tu au isionyeshe kitu ilhali mgonjwa ana nimonia. Mkono uliomvuta mama huyu bila usaha ulikuwa umetoa taarifa yote ambayo mwili wake uliweza kutoa. Kinachobaki kwa mgonjwa wa aina hii ni maumivu na homa, na homa yenyewe inaweza kupunguzwa makali na deksamethasoni inayotolewa kuzuia kichefuchefu, au kufichwa na parasetamoli. Joto lililoshuka usiku ule halikuwa nafuu.

Ndiyo maana miongozo ya kimataifa huichukulia homa ya mgonjwa mwenye upungufu wa neutrofili kama dharura ya saa moja. Joto la nyuzi 38.3 kwa kipimo kimoja cha mdomoni, au nyuzi 38.0 linalodumu kwa saa nzima, linatosha: damu ya kuoteshwa maabara, ili kuona kama ina bakteria, ichukuliwe, kisha antibayotiki ya mshipani ianze ndani ya dakika 60, bila kusubiri majibu. Desturi hii ina historia. Zamani madaktari walisubiri bakteria athibitishwe maabara, na wagonjwa wengi walikufa majibu yakiwa njiani. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake walichapisha matokeo ya kuanza dawa mbili, kabenisilini na jentamaisini, mara tu homa inapoonekana, na tangu hapo mazoea yakabadilika. Mama yetu alipata dozi yake ya kwanza ya antibayotiki zaidi ya saa tisa baada ya kutetemeka.

Mistari miwili ya kipimo

Ni rahisi kumlaumu muuguzi aliyewaza malaria. Mimi simlaumu kwa kuwaza hivyo. Tanga ni mkoa wenye historia ndefu ya malaria, kiasi kwamba Muheza na Korogwe zimekuwa maeneo ya utafiti wa ugonjwa huo kwa miongo mingi, na mtu mwenye homa na kutetemeka anastahili kupimwa. Kosa lilikuwa kukifanya kipimo kifunge mjadala.

Vipimo vingi vya haraka vinavyotumika kwetu hutafuta protini ya kimelea cha malaria iitwayo HRP2. Protini hiyo huendelea kuzunguka katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mama huyu alikuwa ametibiwa malaria katika zahanati ya kwao wiki tatu kabla, jambo ambalo binti yake alilijua na ambalo hakuna aliyemuuliza. Asubuhi ya siku ya tano damu yake ilipotazamwa kwa hadubini hapakuonekana kimelea hata kimoja. Lakini hata kama vingeonekana, uamuzi ungepaswa kuwa uleule, kwa sababu malaria haimzuii bakteria kuingia. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili usiku mmoja. Mgonjwa wa tibakemikali mwenye homa na kipimo chanya cha malaria hutibiwa malaria na kupewa antibayotiki pia, mpaka picha kamili ya damu na damu iliyooteshwa vitoe ruhusa ya kuacha.

Pia hapakuwa na mtu aliyejiuliza kuhusu siku. Kwa kawaida maambukizi yanayojitokeza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa, ambayo hayakuwapo wala hayakuwa yakijijenga mwilini mgonjwa alipoingia, huhesabiwa kuwa ya hospitalini. Mgonjwa huyu aliingia bila homa, akakaa siku tatu bila homa, akapata nafuu ya kile kilichomleta, kisha akatetemeka mara baada ya kusukumiwa maji kwenye mshipa. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: sisi tumempa nini?

Dawa ya kwanza na dawa iliyofaa

Asubuhi ile daktari wa zamu alifanya jambo moja lililoamua kisa kizima: alichukua damu ya kuotesha kabla ya dawa, kutoka mikono yote miwili, baada ya kusafisha ngozi kwa spiriti na kuiacha ikauke. Katika hospitali nyingi hatua hiyo hurukwa kwa haraka ya kumwokoa mgonjwa, na baada ya hapo hakuna anayejua anapigana na nani. Kisha alitoa maji mengi ya mshipani na antibayotiki mbili, seftriaksoni na jentamaisini, akaing'oa kanula ya zamani na kuweka nyingine mahali pengine.

Seftriaksoni ndiyo dawa iliyokuwapo kabatini, na ndiyo tuliyoizoea kwa karibu kila homa nzito. Kwa mgonjwa wa aina hii ina mapungufu mawili. La kwanza, haimuui Pseudomonas aeruginosa, bakteria anayependa maji, sinki na mirija, na ambaye kwa mtu asiye na neutrofili huua haraka. Kwa sababu hiyo miongozo hutaka dawa kama seftazidimu, sefepimu, piperasilini iliyochanganywa na tazobaktamu, au meropenemu. La pili, bakteria wengi wa matumbo wanaoishi hospitalini wamekwisha kujifunza kutengeneza vimeng'enya vinavyovunja dawa za kundi la seftriaksoni. Shirika la Afya Duniani limewaweka bakteria hawa wa matumbo, walio sugu kwa kundi hilo, katika daraja la juu kabisa la hatari kwenye orodha yake ya mwaka 2024.

Siku iliyofuata maabara ilipiga simu kwamba chupa zote mbili za damu zimeota bakteria wenye umbo la vijiti wa gramu hasi, kundi linalotambuliwa kwa rangi ya maabara. Mama alikuwa bado na homa, akapewa antibayotiki nyingine, amikasini, juu ya dawa alizokuwa nazo na jentamaisini ikasimamishwa. Siku moja baadaye jina lilipatikana: Klebsiella pneumoniae, sugu kwa seftriaksoni, sugu kwa jentamaisini, anayeuawa na amikasini na meropenemu. Meropenemu ilinunuliwa nje na ndugu, kwa kuchangishana, ikaanza kutolewa gramu moja kila saa nane. Homa ilikatika siku ya pili ya dawa hiyo. Neutrofili zilivuka 500 siku ya 17 tangu dozi ya tibakemikali, na hapo mwili ukaanza kujisaidia.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kila homa baada ya tibakemikali ianzishiwe meropenemu. Dawa hiyo ikifanywa ya kila siku, miaka michache ijayo tutakuwa na Klebsiella asiyesikia dawa yoyote iliyoko kabatini, na bakteria wa namna hiyo tayari wapo duniani. Busara iko katika kuchukua damu kwanza, kuanza na dawa pana kulingana na hali ya mgonjwa na mwenendo wa bakteria wa hospitali ile, na kuipunguza au kuibadilisha majibu yanapofika. Hilo linahitaji maabara inayootesha na inayopiga simu, na katika kisa hiki maabara ilifanya kazi yake vizuri kuliko idara nyingine yoyote.

Bakteria aliingia wapi

Bakteria wengi wanaowashambulia wagonjwa hawa hutoka katika miili yao wenyewe. Tibakemikali huchubua utando wa mdomo na matumbo, na bakteria wa matumbo hupenya kuingia kwenye damu. Uwezekano huo haufutiki hapa. Hata hivyo ushahidi ulikuwa mzito zaidi upande wa kanula: mkono uliovuta, kutetemeka kulikofuata maji ya chumvi, na jambo lililogunduliwa siku ya saba. Mgonjwa mwingine wa wodi hiyo, ambaye hakuwa na saratani na ambaye kitanda chake kilitenganishwa na cha mama kwa vitanda kadhaa, alikuwa na Klebsiella katika damu yake, na orodha ya dawa zilizomuua bakteria huyo na zilizoshindwa ilikuwa ileile.

Wagonjwa hao wawili hawakuwa wamekula pamoja wala kuguswa na ndugu wamoja. Walichoshiriki ni chupa. Juu ya toroli ya wodi ilizoeleka kuwekwa chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi yenye sindano iliyochomekwa kwenye kizibo muda wote, na kila aliyehitaji kusafisha njia ya kanula alivuta mililita tano kutoka humo. Bomba la sindano lilikuwa jipya kwa kila mgonjwa, na hilo ndilo lililowapa watu utulivu wa moyo. Lakini mkono ulioishika ile sindano ya kwenye kizibo haukuwa mpya, na chupa iliyofunguliwa asubuhi ilitumika mpaka usiku katika joto la pwani. Klebsiella na ndugu zake wana sifa ya kuweza kuzaana ndani ya maji ya dripu. Mwaka 1970 na 1971 nchini Marekani, vifuniko vya chupa za dripu vilivyochafuliwa kiwandani na bakteria wa ukoo huo viliwaambukiza damu mamia ya wagonjwa katika hospitali nyingi kabla chanzo hakijajulikana. Hospitali zile hazikuwa maskini wala chafu.

Chupa yenyewe haikupimwa. Ilikuwa imekwisha kutupwa asubuhi ya siku ya tano, kabla mtu yeyote hajaishuku, kwa hiyo ninachosema juu yake ni hukumu iliyojengwa kwa mazingira. Ningependa kila wodi ijue kwamba mgonjwa akitetemeka mara baada ya kuwekewa kitu mshipani, kile kilichowekwa, pamoja na chupa yake, huhifadhiwa kwenye jokofu na kupelekwa maabara, wala hakitupwi.

Hospitali ilifanya mabadiliko matatu. Chupa ya pamoja iliondolewa, na badala yake vikanunuliwa vichupa vidogo vya mililita kumi vya matumizi ya mgonjwa mmoja. Vinagharimu zaidi kwa hesabu ya stoo. Meropenemu ya wiki moja, hata hivyo, hununua vichupa vingi sana. Kila kanula ilianza kuandikwa tarehe na saa kwenye plasta, na kila zamu kuulizwa kama bado inahitajika. Hili la pili ndilo ninaloliona kubwa kuliko mengine, kwa kuwa kanula isiyo na kazi ni mlango ulioachwa wazi kwa hisani; kama ingeng'olewa siku ya tatu, chupa ile, hata ikiwa chafu, isingempata mama huyu.

Badiliko la tatu lilihusu mikono. Wodi ilikuwa na sinki moja karibu na mlango, na kumtaka muuguzi anayehudumia wodi nzima usiku atembee hadi huko kabla ya kila mgonjwa ni kumtaka asifanye kazi nyingine. Famasia ilianza kutengeneza kitakasa mikono kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani: kwa lita kumi, mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na mililita 145 za gliserini ya asilimia 98, kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka ifike lita kumi. Chupa ikaning'inizwa kwenye kila kitanda. Kusugua mikono kwa kitakasa huchukua sekunde 20 hadi 30, wakati kunawa kwa sabuni kama inavyotakiwa huchukua 40 hadi 60. Kwa takwimu za shirika hilohilo za mwaka 2022, katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa kwenye hospitali za nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hupata angalau ambukizo moja wakiwa humo, ukilinganisha na 7 katika nchi tajiri.

Ndugu waliulizia sana chakula, wakidhani samaki au kachumbari ndiyo iliyomponza mama. Tafiti zilizolinganisha chakula cha kawaida kilicho safi na kile cha masharti makali hazikuonyesha kwamba masharti hayo hupunguza maambukizi. Waliambiwa waendelee kumpikia, wanawe mikono, na matunda yaoshwe.

Barua ya kurudi Dar es Salaam

Dozi ya tatu ya tibakemikali iliahirishwa kwa wiki moja. Mama aliruhusiwa na barua ambayo daktari aliiandika kwa makini: tarehe ya homa, kiwango cha neutrofili, jina la bakteria, dawa zilizoshindwa na zilizofaa, na ombi kwamba timu ya saratani ifikirie kumpa filgrastimu, sindano inayochochea uboho kutengeneza neutrofili, baada ya kila dozi inayofuata. Nakala ya pili alipewa binti, aiweke pamoja na kadi ya bima, kwa sababu Klebsiella wa namna hii anaweza kubaki matumboni kwa miezi kadhaa baada ya mgonjwa kupona, na homa nyingine ikimpata kwenye zahanati ya Pangani au njiani Chalinze, atakayempokea anapaswa kujua kwamba seftriaksoni imekwisha kujaribiwa.

Binti alinunua pia kipimajoto. Aliagizwa ampime mama asubuhi na jioni kuanzia siku ya saba hadi ya kumi na nne baada ya kila dozi, asimpe parasetamoli kabla ya kupima, na joto likifika nyuzi 38 asisubiri kuche.